Kumsindikiza Bwana Makungu

Katika mji wa Vumbamoto, mkazi alilipa kodi ya mapato yake yote, ya hapa na ya ng'ambo ya mto. Mgeni alilipa ya hapa tu. Bwana Makungu, tajiri aliyezeekea mjini humo, alikuwa na mashamba makubwa ya minazi, yote ng'ambo.

"Mimi mgeni tu," alimwambia Siwatu, binti mtoza kodi. "Nimepita kuwasalimu."

"Baba, nisipopeleka kodi yako leo, kazi sina."

"Pole, mwanangu. Mgeni ni mgeni."

"Haya. Basi mgeni aheshimiwe."

Alasiri Siwatu alirudi na majirani, ngoma mbili na mikate ya kula njiani. Wanaume walikunja godoro la Makungu. Wanawake walilia kwa zamu.

"Nini hii?" alifoka Makungu.

"Tunakusindikiza, baba. Umetutembelea vizuri, hata jogoo wako ametuzoea. Kivuko kinangoja."

"Wekeni godoro langu!"

"Usione haya, mgeni. Kwenu wamekukumbuka."

"Na ufunguo unamwachia nani?" aliuliza jirani mmoja, akijipimia kiti cha Makungu.

Makungu aliukumbatia mlango. "Siendi! Kwetu ni hapa! Nimezaliwa humu, naishi humu, na nitazikwa nyuma ya choo kile!"

Ngoma zilinyamaza. Siwatu aliwageukia majirani.

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Basi mrudishieni mkazi godoro lake," alisema, kisha akaketi juu yake. "Haya, baba. Tuanze na minazi ya ng'ambo."