Muhuri Ulioungua

Inasimuliwa kwamba Bi Rumaitha, mjane mcha Mungu wa zama za kale, alikuwa akishona chekeche lake la unga lililotoboka, wifi yake Atika alipoingia akihema.

"Umesikia? Mkaguzi wa soko kavunjika jino! Kauma kijiwe ndani ya mkate aliouziwa na Mzee Shuraihi. Sasa mzee wa watu atachapwa viboko na kufukuzwa tanurini."

Shuraihi ndiye aliyeoka mikate ya mtaa mzima. Kila nyumba iligandamiza muhuri wake wa mbao juu ya kinyunga kibichi ili mikate isichanganyike, na kila nyumba ilimwachia mkate mmoja auze, ndio ujira wake. Mkate uliovunja jino ulikuwa umeungua juu. Muhuri haukusomeka.

Bi Rumaitha akaweka sindano chini. Mchana ule mwanawe naye alitema kijiwe akila mkate wa nyumbani.

"Mkate ule ni wangu."

"Nyamaza, wifi! Nani atajua? Ukifukuzwa wewe tanurini, wanao wanne watakula unga mbichi?"

"Na mzee achapwe kwa kijiwe changu?" Akajitanda mtandio, akalichukua chekeche, akatoka.

Barazani kwa kadhi, mzee alikwisha kuvuliwa kanzu. Bi Rumaitha akaliinua chekeche mbele ya watu.

"Kadhi wetu, mkate ni wangu. Asubuhi niliona limetoboka, nikaona uvivu kulishona."

"Basi afukuzwe yeye!" akafoka mkaguzi, shavu limemvimba.

Kadhi akautazama mkate. "Muhuri haupo tena. Nani amekulazimisha kuja?"

"Hakuna, ila Mola ananiona."

Kadhi akawageukia watu. "Mnajua kwa nini tabia ikaitwa tabia? Neno hili limetokana na kugandamiza muhuri katika udongo mbichi. Udongo ukikauka, alama haibanduki. Muhuri wa mkate wake umeungua, lakini wa nafsi yake tumeusoma sote. Mvisheni mzee kanzu yake. Nawe mama, endelea kuoka. Ila shona kwanza chekeche!"

Baraza likalipuka kwa takbiri na vicheko. Hata mkaguzi alicheka, mkono shavuni.

Nasi tulio na watoto tukumbuke: muhuri hugandamizwa kinyunga kingali kibichi. Mkate ukishatoka tanurini, tumechelewa.

Jioni ile Mzee Shuraihi alibisha hodi na mikate ya moto. Bi Rumaitha akapakua mchuzi, akawahesabu wanawe kwa kidole, wanne, akamwongeza mzee.

"Wote mpo. Haya, bismillahi."