Kijiko cha Uji wa Karanga

Hapo zamani, nanyi mlikuwemo ila mlikuwa mmelala, palikuwa na mji mwekundu ndani ya kifua cha binti aitwaye Mwanamkasi. Jua halikuufikia. Damu, mchukuzi wa chakula, aliuzunguka akiimba, mchana akiimba, usiku akiimba.

Walinzi wa mji walikuwa ndugu watatu, kila mmoja na ulaji wake. Hamaki alibugia sukari mbichi, hangoji jiko. Nguvu zilimjia papo hapo, zikamwishia papo hapo. Makini alipika mafuta kwa makaa, taratibu, taratibu, kwa hiyo aliishi miaka mingi na hakusahau sura ya mwizi. Dada yao, Pole, naye alikula mafuta, kidogo tu, na kazi yake ilikuwa kusema, "Basi, inatosha."

Siku moja wezi waliingia pamoja na pumzi. Hamaki akabugia, akapiga. Akabugia, akapiga. Mji ukawaka joto, Mwanamkasi akaweweseka, akakataa kula. Wezi wakajichanganya na wenyeji, Hamaki asijue ampige nani. Makini akanyoosha kidole.

"Yule! Alikuja zamani, binti akiwa mchanga. Namjua!"

Makini akawaonyesha mmoja mmoja, Hamaki akawamaliza wezi wote. Lakini hasira hasara, jamani. Akiwa bado amelewa sukari, aligeukia kuta za mapafu, akaanza kuzibomoa. Pole akamkumbatia, akamnyang'anya sukari mkononi.

"Kaka, vita vimekwisha. Nyumba unayovunja ni yetu."

Hamaki akaanguka. Wote watatu walikuwa hoi kwa njaa.

Huko nje mama akasema, "Mwanangu, onja basi. Kijiko kimoja tu, mama." Ulikuwa uji wa karanga: sukari imo, mafuta yamo. Binti akameza kijiko kimoja, akasinzia tena. Mimi nilimhurumia sana mama yule.

Damu akafika na mzigo ule mdogo. Ukigawanywa, haumwokoi yeyote.

"Nipe mimi!" akasema Hamaki. "Nani alipigana? Wezi wengine wakija sasa hivi, mtawapiga kwa kumbukumbu?"

"Nikifa, sura ya mwizi inakufa nami," akajibu Makini. "Utampiga nani wewe? Utapiga ukuta, kama kawaida yako."

Pole akasema, "Mimi sikuua mwizi hata mmoja. Lakini kuta bado zinavuja. Na kaka akishiba nami sipo, nani atamwambia, 'Basi, inatosha'?"

Damu akanyamaza kuimba, mara ya kwanza tangu binti azaliwe. Pumzi za Mwanamkasi zikawa nyembamba. Mama ameshika bakuli, anamtazama usoni, hajui kwamba ndani mna kesi.

Haya, ninyi mnaopenda kuamua mambo ya watu, amueni na hili, na msichelewe, kwa maana mchukuzi akisimama mji hufa. Je, nani alistahili kijiko kile?