Chenye Namba Hakina Mjomba

"Chenye namba hakina mjomba." Mmenisikia nikimjibu hivyo yule kijana aliyetaka nimwazime toroli la zahanati akasombee mchanga wake, mkacheka, kisha mkaniuliza namba na mjomba vinahusiana nini. Vinahusiana sana. Sogeeni, na huyo anayechezea simu aiweke mfukoni, niwaambie maneno hayo yalimtoka nani na yalimgharimu nini.

Huko Kwedilunda, mji mdogo ulio chini ya vilima, palikuwa na mtunza bohari ya serikali aitwaye Mndolwa Semkiwa. Alikuwa mtu mwaminifu, lakini roho yake haikujua kutulia. Akifunga mlango wa bohari, alirudi kuutikisa. Akiketi kula, alikumbuka ngazi iliyoachwa nje, akainuka na tonge mkononi. Mkewe alikuwa akisema kwamba yeye ameolewa na kufuli.

Basi ikatoka amri kwamba kila mali ya serikali itiwe alama, maana vitu vilikuwa vimeanza kuota miguu. Mndolwa akakabidhiwa kopo la rangi nyeupe na brashi. Alama yenyewe ilikuwa M.S., yaani Mali ya Serikali, halafu namba ya kitu. Aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Akatia alama matoroli, machepe, ngazi, madawati, mizani, ndoo, mpaka ufagio wa uani. Sasa kitu kikipotea kitajulikana popote kilipo, alijiambia, nami nitapata usingizi.

Thubutu! Watu wa Kwedilunda walizitazama zile herufi, wakamtazama na mwenyewe, wakaangua kicheko. M.S., Mndolwa Semkiwa! "Bwana, umejiandikia serikali nzima," walimtania sokoni. "Ukifa, urithi wako tutagawana na mkuu wa wilaya." Ilimpasa awasahihishe, naye hakuwasahihisha. Mtu mwenye kanzu moja tu ya kwendea msikitini haoni vibaya sana akidhaniwa tajiri. Alicheka nao, akapita zake.

Hapo lazima niwaeleze desturi. Kule, mpwa haombi kitu kwa mjomba wake; anabeba. Akikuta jogoo uani, anachinja. Akikuta koti ukutani, analivaa. Mjomba akinuna, mji mzima unamcheka, kwa kuwa mpwa ni damu ya dada, na damu ya dada haifungiwi mlango. Mndolwa alikuwa na dada mkubwa, Bi Mashavu, na dada huyo alikuwa na kijana wake Mhina, mcheshi asiye na haya hata chembe. Majogoo wa Mndolwa waliposikia sauti ya Mhina walikuwa wakipanda juu ya paa.

Ikafika siku ya arusi ya Semeni, dada yake Mhina. Asubuhi hiyohiyo, na ilikuwa masika, lori likaleta saruji ya kujengea wodi ya wazazi. Wodi ile ilikuwa ikingojwa kwa machungu. Wanawake wa Kwedilunda waliposhikwa na uchungu walibebwa kwa machela hadi hospitali ya mbali, na si wote waliofika. Mndolwa akaona apokee mzigo kwanza, kisha aende arusini. Bohari ilikuwa imejaa madawati, kwa hiyo mifuko ikapangwa uani juu ya mbao. Hilo halikumtisha. Alikuwa na turubai kubwa la kijani, M.S. 7, lililotosha kufunika lori zima.

Akaingia ndani kulichukua. Halikuwepo.

Akapekua nyuma ya madawati, akapanda ngazi, akashuka, akapekua palepale alipokwisha kupekua. Kila alipochungulia dirishani, wingu lilikuwa limeshuka zaidi vilimani. Saruji ikilowa inageuka mawe, na mawe hayajengi wodi. Mlinzi akaja kusimama mlangoni, akimshangaa.

"Bwana stoo, kulikoni?"

"Turubai! Turubai namba saba!"

"Si alilichukua mpwa wako jana, ulipokuwa msikitini? Wanafunika ua kwa ajili ya arusi."

"Nawe ukamfungulia?"

"Alinionyesha jina lako, bwana. Akasema cha mjomba ni changu. Sasa mimi nani hata niingilie mambo ya ukoo?"

Mndolwa alikumbuka vicheko vya sokoni, na jinsi alivyovifurahia, akaona aibu peke yake. Kisha akatoka mbio. Njiani watoto walimwamkia shikamoo, naye akawajibu "salama, salama," bila kujua anachosema.

Kwa Bi Mashavu turubai lilikuwa limetandazwa juu ya ua wote, na ile M.S. 7 ilionekana wazi juu ya vichwa vya wakwe. Bibi arusi alikuwa ameketi mkekani, amefunikwa khanga mpya. Wanawake walipomwona Mndolwa wakapiga vigelegele: "Mjomba huyoo! Mjomba kaja!"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, kaka. Umechelewa, lakini keti, pilau linapakuliwa."

"Sikai, dada. Nimefuata turubai."

Bi Mashavu alidhani ni utani, akacheka. Alipoona kaka yake amekazia macho zile kamba, kicheko kikakatika.

"Na mvua hii hapa? Unataka kumlowesha mwanao siku ya arusi yake, mbele ya wakwe?"

"Saruji ya wodi iko nje, dada."

"Saruji! Saruji ni mtoto wa nani?"

Wakwe wakatazamana. Baba mkwe, mzee mzito wa maneno, akakohoa na kutazama kando, na kikohozi kile kilimchoma Bi Mashavu kuliko tusi. Mhina akajitokeza, angali anatafuna.

"Mjomba, acha hizo. Jina lako nimelisoma mwenyewe. Mpwa hamwibii mjomba."

"Hilo si jina langu, Mhina. Ni Mali ya Serikali. Kosa ni langu. Mlicheka, nami nikacheka, wala sikusema." Akanyoosha kidole juu. "Unaiona ile namba? Mimi sina namba. Wewe huna namba. Chenye namba hakina mjomba."

Upepo ukalitikisa turubai juu yao.

"Na kisicho na namba?" Mhina akauliza.

"Hicho ni chako. Nenda kwangu ukachukue."

"Chochote?"

"Chochote."

Hakuna aliyeinuka kumsaidia. Mndolwa alipanda juu ya kiti, akaanza kufungua kamba. Bi Mashavu akampa mgongo. Mhina alimtazama mjomba wake akihangaika na fundo moja, akashindwa kuvumilia. Akapanda upande wa pili, akafungua kamba zilizobaki, akawapigia mluzi wenzake. Nusu yao wakaenda na Mndolwa hadi bohari, wamebeba turubai. Nusu wakamfuata Mhina.

Matone ya kwanza yalianguka wakati Mndolwa akiweka mawe kwenye pindo la mwisho. Aliizunguka ile saruji, akaingiza mkono chini, akaizunguka tena, mpaka mlinzi akamshika bega na kumwambia aende nyumbani.

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe chini ya meza ya sebuleni. Mvua ilikuwa ikinyesha mezani. Mndolwa akainua kichwa, akaona mbingu. Mabati yote ya chumba cha mbele hayakuwepo.

"Nani kafanya haya?"

"Mpwa wako," mkewe akamjibu. "Alisema umemwambia chochote."

Mndolwa akaingia chini ya meza, akaketi karibu na mkewe. Ngoma ilisikika kutoka kwa dada yake, ambako mabati yake yalikuwa yamelazwa juu ya miti, na bibi arusi alikuwa mkavu. Ilimuuma na ikamfurahisha, vyote pamoja.

Jioni Bi Mashavu akaja, amelowa chapachapa, amebeba kitu chini ya khanga. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa hasira. Akainama, akasukuma sahani ya pilau chini ya meza.

"Kula," alisema. "Sahani haina namba."

Saruji haikulowa, na wodi ikajengwa. Lakini Bi Mashavu aliendelea kumnunia kaka yake muda mrefu, na mji ukagawanyika kuhusu nani alikosa. Kisha siku moja yule baba mkwe wa Semeni alikuja kwa Mndolwa kwa adabu zote. Nyumbani kwake kulikuwa na mgonjwa, naye aliomba kitanda kimoja tu cha wodi, kwa heshima ya undugu waliouunga. Mndolwa akaanza kuhangaika kitini, akitafuta maneno ya kumkatalia mkwe. Bi Mashavu, aliyekuja siku hiyo kumsaidia wifi yake, alikuwa uani anapepeta mchele. Akauweka ungo chini, akaja akasimama mlangoni, akapiga goti kwa heshima mbele ya yule mzee ambaye kikohozi chake alikuwa hajakisahau.

"Baba," akamwambia, "kitanda changu mwenyewe kichukue leo hii, mimi nitalala chini. Hicho cha wodi kiache. Chenye namba hakina mjomba."