Sauti ya Bwana Mbelwa

Bwana Mbelwa, mkuu wa kitengo, akiongea na simu hata vikombe vya ofisini vilitetemeka. Siku moja Zamda, karani wake, alimfuata kwa adabu.

"Mzee, kelele zinatuumiza vichwa."

"Anayetaka kimya akafanye kazi makaburini!" akanguruma. "Nani wa kuninyamazisha hapa?"

"Hayupo, mzee. Basi walau tupate mama wa chai, tutulize vichwa kwa tangawizi. Nimtafute?"

"Mtafute umtakaye!"

"Nimtakaye, mzee?"

"Nimeshasema, na wote wamesikia!"

Kweli, hata mlinzi wa getini alikuwa amesikia.

Jumatatu asubuhi Bwana Mbelwa alikuwa amesimama juu ya kiti, anamfokea fundi kwenye simu, mlango ulipofunguka. Ilitangulia chupa ya chai, ikafuata khanga, kisha ukaonekana uso wa mama mzazi wa mkewe. Bwana Mbelwa akateremka, akaficha simu mfukoni, akainamisha kichwa kama mwari.

"Shikamoo, mama," alinong'ona.

"Marahaba, mkwe wangu. Nani huyo aliyekuwa akipiga kelele?"

"Ni redio, mama. Tumeshaizima."