Moto Ndani ya Uzio

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura kuvaa kanzu, ni hii ya juzi juzi ya simu za kuzungusha na mafaili ya kufungwa kamba, wizarani kulikuwa na mwanamke aitwaye Nakundwa. Kazi yake ilikuwa kuandika sera za afya. Na wewe uliyeanza kupiga miayo hapo nyuma, vumilia kidogo. Hadithi hii ina moto, ina damu na ina ugomvi.

Nakundwa aliandika, wakubwa wakatia sahihi. Aliandika Mpango. Akaja waziri mwingine akasema Mpango ni jina la kizamani, ukaitwa Mkakati. Akaja mwingine tena, Mkakati ukawa Dira. Maneno yalikuwa yale yale, jalada tu ndilo lililobadilika rangi, na picha ya mbele ikawa ya mkubwa aliyepo. Jina la Nakundwa halikuonekana popote, hata kwenye shukrani. Hakujaliwa mtoto, na watoto wa ndugu zake walipewa majina ya shangazi waliokuwa wakifika harusini na misibani wakati yeye yuko vikaoni. Ofisini alicheka na wenzake, lakini akifika kwake akavua viatu, jambo hilo lilimuuma sana.

Sasa tegeni sikio, maana kesi yetu iko hapa. Katika mwongozo wa zahanati Nakundwa aliandika mengi, ila sentensi mbili ndizo zilizozua maneno. Ya kwanza ilisema nesi wa zahanati anaruhusiwa kumchoma mzazi aliyejifungua sindano ya kuzuia damu bila kusubiri daktari. Hiyo aliipigania mpaka mvi zikamtoka. Mabingwa walimwambia nesi ataharibu. Kikao kikaahirishwa, faili likarudishwa, akalipeleka tena. Alitukanwa kwa adabu, mnaijua ile ya "dada yangu, haya mambo ni ya kitaalamu". Hakuchoka. Waliochoka ni wao, wakapitisha.

Ya pili ilisema moto usiwashwe ndani ya uzio wa zahanati. Hiyo aliiandika semina ikiwa inaisha, watu wameshaanza kunusa sambusa. Hakuna aliyebisha. Nani abishe, na ukumbini hamkuwa na hata mmoja aliyewahi kuzalia milimani?

Kumbe huko milimani, kijiji cha Kirongwe, walikuwa na desturi yao. Mwanamke akishikwa uchungu, mama mkwe humwashia moto karibu na alipolala, achemshe maji ya kumkanda na uji wa kumpa. Ambaye mkwewe hakumwashia moto huhesabiwa kwamba alikwenda kuugua, hakwenda kuzaa, na aibu hiyo hukaa naye. Basi zahanati ikajengwa, ikapakwa chokaa, sindano zikaletwa, na wanawake wakaendelea kuzalia majumbani. Wengine walitokwa damu wakafa. Wizarani wakasema watu wa kule ni wagumu wa kuelewa.

Akahamishiwa huko nesi mmoja kutoka kusini, Tusekile, mcheshi, mdomo haufungi. Alikuta wodi imejaa utando wa buibui. Akauliza, akaambiwa nenda kwa Bibi Naetwe, ndiye anayewakataza wanawake wasilale kwenye vitanda baridi. Bibi huyo alikuwa akiogopwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Nesi akaenda, akala viazi, akasifia viazi, kisha akamwambia aje na mafiga yake ayapange nyuma ya wodi. Wakubwa wakija, yeye atajua la kuwaambia. Hakujua lolote, lakini alilisema kwa uso mkavu.

Hazikupita siku nyingi, Hoyce, mkaza mwana wa Bibi Naetwe, akashikwa uchungu. Bibi akabeba mafiga, akamshika mkwewe mkono, wakaenda zahanati. Na kama makusudi, siku hiyo hiyo gari la wizara likawa linapanda mlima. Nani yumo? Nakundwa, kwenye ziara yake ya mwisho kabla ya kustaafu.

Akashuka, akaona moshi. Moyo ukamlipuka, kwa hasira, na nikisema kweli, kwa fahari pia, maana kwa mara ya kwanza alikutana uso kwa uso na sentensi yake.

"Moto ni marufuku hapa," akasema. "Marufuku hiyo nimeiandika mimi, kwa mkono wangu."

Bibi Naetwe hakuinua hata kichwa. Alimwambia asogee, anaziba upepo.

Hapo hapo, mle wodini, Hoyce akajifungua. Mtoto wa kike, baridi, kimya. Na mama damu zikaanza kumtoka kama maji ya bomba. Nesi Tusekile hakumwuliza mtu. Alivuta sindano, akamchoma, akabaki amemkandamiza tumbo huku akiomba kimoyomoyo. Bibi naye akamnyakua mtoto, akamfunga kanga zilizopashwa motoni, akamsugua, akamsugua, akampashia nyingine. Nakundwa alisimama mlangoni na mkoba wake. Damu ikakata. Mtoto akapiga ukelele, Nakundwa akajikuta analia naye.

Kirongwe wana desturi nyingine. Mama na mtoto wakiponea chupuchupu, mtoto hupewa jina la aliyewaponya, na mwenye jina huwa bibi yake kweli kweli, kumpita hata bibi wa damu. Huyo ndiye atakayepelekewa mtoto likizo, na uzeeni ndiye atakayetunzwa. Jioni ile Hoyce, amekunywa uji, rangi imemrudia, akasema anataka kujua amwite nani.

Bibi Naetwe alianza. Alisema ni yeye aliyemleta, angekataa wangezikwa wawili. Na moto ni wake, bila ule moto mtoto asingelia.

Nesi akacheka. Akasema moto ni wa bibi, sawa, lakini wa kufukuzwa kazi angekuwa yeye, na sindano ilichomwa na mkono wake. Bibi akamjibu kwamba kwa hilo analipwa mshahara. Nesi akaacha kucheka. Akamwuliza ni nani aliyewazuia wale wengine wasije, wakafia majumbani. Bibi akainama, akamfunika mtoto kanga.

Ndipo Nakundwa akajikohoza. Akaeleza jinsi alivyoipigania ruhusa ya sindano, vikao, mafaili, mabingwa. Bila sentensi ile, akasema, nesi angekuwa bado anatafuta daktari, na hiyo sindano isingekuwa kabatini.

Bibi Naetwe akainua kichwa.

"Mwanangu, si umetuambia mwenyewe kwamba ya kukataza moto ni yako pia? Wale wenzake Hoyce walikimbia nini, kama si hiyo?"

Nakundwa angeweza kusema ni wakubwa waliotia sahihi. Maisha yake yote ndivyo ilivyokuwa, na sahihi zao zipo.

"Zote mbili ni zangu," akasema. "Na jina hilo nalitaka. Sijawahi kutaka kitu hivi."

Nje dereva akapiga honi, ukungu unashuka, barabara haitapitika. Nakundwa akainuka, akafika mlangoni, akashindwa kutoka. Hoyce akamtazama mkwewe, akamtazama nesi, akamtazama mgeni. Akamfunua mtoto uso, akafungua kinywa kusema.

Msinikodolee macho mimi, mimi sikuwa wodini. Bibi alimleta na kuwasha moto, lakini ndiye aliyewazuia wengine. Nesi alivunja amri na kuchoma sindano, lakini ndiyo kazi yake. Mwandishi alileta sindano kwa sentensi moja, akafukuza wazazi kwa nyingine. Honi inapigwa, mama wa watu kashika kitasa anasubiri. Haya, semeni nyinyi: mtoto aitwe nani?