Trekta Dogo la Lutengano

Hii usimtumie kila mtu. Isome kwanza, kisha mtumie yule atakayekujia akilini ukiimaliza.

Katika kijiji kimoja cha milimani, kule Nyanda za Juu Kusini, aliishi mwanamke aitwaye Tusekile. Watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa mbali, magoti yameanza kumsumbua, na shamba la mahindi halijapungua hata tuta moja. Kwa hiyo yeye na mumewe, Lutengano, waliuza miti yao ya mbao na kukubaliana jambo moja: msimu huu jembe la mkono basi. Watanunua trekta dogo.

Kukubaliana kulikuwa rahisi. Kuchagua ndiko kulikomtoa Tusekile roho.

Walikwenda mjini dukani. Muuzaji akawaonyesha trekta jekundu, fupi, lenye matairi manene. Tusekile akalipenda palepale. Lutengano alilizunguka, akainama, akapima upana wake kwa mikono.

"Pana," akasema.

Walirudi wakati mwingine, wakaonyeshwa jembamba zaidi. "Zito. Litateleza."

Wakarudi tena, wakaonyeshwa jepesi. "Hili halina nguvu ya kupanda."

Muuzaji alishusha pumzi. "Mzee wangu, kwani shamba lako liko wapi? Juu ya mti?"

Tusekile alicheka. Lutengano hakucheka. Wakarudi nyumbani mikono mitupu, nauli imeliwa bure.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Majirani wakasafisha mashamba yao. Kila asubuhi Tusekile aliuliza habari za trekta, na kila asubuhi akapewa kasoro mpya: mara usukani, mara bomba la moshi, mara vipuri havipatikani. Siku moja Lutengano alisema hata rangi zake hazimpendezi.

Tusekile akatua sufuria chini kwa kishindo. "Baba Lusekelo, mimi uliniona mara moja tu kisimani, ukaleta washenga. Leo chuma ndicho kinachokushinda kuchagua?"

"Mashine si kitu cha kukurupukia, mama."

"Na mvua nayo umeiambia isikurupuke?"

Lutengano alichukua kofia yake akatoka. Tusekile naye, kwa hasira, akabeba jembe begani. Afadhali alime kwa mkono, magoti yafe, kuliko kuendelea kusikiliza habari za bomba la moshi.

Alipofika kwenye korongo, alimkuta mumewe amesimama katikati ya mawe. Ameshika fimbo, anapima nafasi kati ya jiwe na jiwe.

Hapo Tusekile akaelewa.

Shamba lao lilikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa pana na tambarare, ikipita uani kwa Ambakisye, kaka mkubwa wa Lutengano, aliyejenga kando ya barabara. Ya pili ni hii ya korongoni, ambayo mtu mwenye mzigo huipita kwa ubavu. Zamani walipita kwa Ambakisye. Lakini siku ya kupokea mahari ya binti yao, Lutengano aliwaita wazee wote wa ukoo, lakini kaka yake hakumwita. Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga hodi kwa mwenzake.

"Kumbe hutafuti trekta," Tusekile akasema. "Unatafuta trekta lisilopita kwa kaka yako. Hilo bado halijatengenezwa."

Lutengano alitazama mawe. "Nitamwambia nini? Mimi ndiye niliyemkosea."

"Mwambie hodi. Mengine yatajisema."

"Siwezi."

"Basi nakwenda mimi."

Akageuka akashika njia. Hakuangalia nyuma, lakini baada ya hatua chache alisikia viatu vya mumewe vikikokota changarawe.

Ambakisye na mkewe, Mama Gwamaka, walikuwa uani wakipepeta maharage. Tusekile alipiga hodi, akasogea pembeni. Lutengano akabaki amesimama peke yake, kofia mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Siku ile ya mahari nilikuacha kwa kiburi changu tu. Nilikukosea. Naomba unisamehe." Akaizungusha kofia. "Na ninaomba njia. Nataka kununua trekta."

Aliyejibu ni Mama Gwamaka, tena kwa kubwaga ungo.

"Trekta? Shemeji, umesema trekta? Huyu kaka yako amekataa matrekta ya mji mzima! Hili pana, lile zito, lile lina kelele! Nimechoka naye, wallahi nimechoka!"

Tusekile alimgeukia Ambakisye taratibu. Bustani ya Ambakisye ilikuwa bondeni, chini ya shamba la Lutengano. Hakuna mashine ambayo ingefika kule bila kukatisha kwa mdogo wake.

"Niliona heri nisinunue," Ambakisye akasema, macho yakiwa chini, "kuliko nije kwako kuomba njia. Nimekusamehe, mdogo wangu. Njia ni yako. Na mimi nipe ya kwako."

Wiki ile ile walikwenda mjini wote wanne, wakanunua trekta moja la kutumia pamoja. Lakini walikuwa wamechelewa. Mvua za kwanza ziliwakuta hawajapanda, na mwaka ule mahindi yao yalikuwa mafupi kuliko ya majirani wote.

Siku ya kulima, wanawake wawili walisimama ukingoni mwa shamba. Kule kati trekta linanguruma bila kusogea, na wazee wawili wanarushiana mikono, kila mmoja akisema mwenzake hajui kuendesha.

"Wameanza tena kugombana," Mama Gwamaka akalalamika.

"Waache," Tusekile akajibu. "Leo angalau wanagombana kwa mdomo, si kwa kununiana."

Funzo: Kasoro nyingi tunazozitoa kwenye vitu ni za kuficha radhi tunayoogopa kuiomba kwa mtu. Iombe mapema, maana msimu haumsubiri mwenye kiburi.