Mto Mmoja, Slaidi Arobaini

Karakana ya mshonaji mito ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Jua la alasiri lilipoingia, nyuzi za sufi zilielea hewani polepole, na hata aliyekuja na hasira zake alijikuta akizungumza kwa sauti ya chini. Mshonaji huyo hakuuza mto kabla ya kuulalia yeye mwenyewe kwanza. Watu walimwita Mama Usingizi, naye hakukasirika.

Hata hivyo wateja walipungua, na mashine mbili kati ya tatu zikanyamaza. Ndipo hospitali ilipotangaza kwamba inatafuta mshonaji wa mito ya wodi zote. Kila mwombaji angepewa dakika kumi mbele ya kamati. Akiikosa kazi hiyo, angefunga karakana, na wifi zake wawili walioshona pamoja naye wangerudi nyumbani mikono mitupu. Wazo hilo lilimuuma sana.

Shemeji yake, karani mwenye ulimi mtamu, alijitolea kumwandalia slaidi. Akaandaa arobaini: asili ya pamba, historia ya usingizi, michoro ya shingo ya binadamu, hata picha ya babu yake akisinzia kitini. Mama Usingizi alipomwambia ni nyingi mno, alijibu kwamba wakubwa hupenda mambo mazito.

Siku ilipofika, mapazia ya chumba cha mkutano yalifungwa, na projekta ikanguruma kama paka aliyeshiba. Shemeji alizungumza weee, mpaka sauti yake ikawa kama mvua inayonyesha mbali. Kufikia slaidi ya kumi na tano, mwenyekiti alikuwa akichora maua pembezoni mwa karatasi yake. Muuguzi mkuu, aliyetoka zamu bila kupumzika, alikuwa akipigana na kope zake. Mwenyekiti akatangaza kuwa zimebaki dakika mbili. Mto wenyewe ulikuwa bado umo ndani ya mfuko wa Mama Usingizi.

Mama Usingizi akasimama.

"Shemeji, zima hiyo mashine," alisema. "Umesema vizuri, sasa pumzika."

Akautoa mto, akauweka mezani mbele ya muuguzi mkuu.

"Dada, umechoka. Laza kichwa hapa dakika moja tu."

Muuguzi alicheka kwa haya, akamtazama mwenyekiti, kisha akalaza shavu. Mikunjo ya paji lake ikafunguka mmoja mmoja, kana kwamba anabembelezwa na mamake. Muda ulipokwisha, mwenyekiti alimgusa begani.

"Niacheni kidogo," muuguzi alinong'ona bila kufumbua macho. "Na huu mto hauondoki hapa."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini, akamuuliza Mama Usingizi kwa kunong'ona mito mia tatu ingemchukua siku ngapi. Shemeji, ambaye slaidi zake ishirini na tano zilikuwa hazijaonwa na mtu, alijikuna kichwa akatabasamu. Waama, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.